Mishono ya M25: shajara ya barabara inayoizunguka London

Kabla ya tarehe yoyote

M25 ina urefu wa maili 117, yaani kilomita 188. Makutano yake yana namba zinazofuata mwelekeo wa mishale ya saa: yanaanzia Dartford, kusini mwa Mto Thames, kwa namba 1A, na kuishia namba 31 ng'ambo ya mto. Kando ya barabara kuna vibao vidogo vya buluu vyenye herufi na namba. A ni upande unaofuata mwelekeo wa saa, B ni upande wa pili. Dereva aliyeharibikiwa akisoma kibao hicho kwenye simu, chumba cha uendeshaji kinajua alipo na, muhimu zaidi, kinajua gari la msaada lipite upande gani. Kukosea upande kwenye barabara kama hii ni kupoteza kilomita nyingi kabla ya kupata pa kugeuzia.

Kati ya makutano ya 1A na 31 barabara hii si M25. Ni A282, daraja na mahandaki ya Dartford, na ilipewa namba tofauti ili magari yaliyokatazwa kwenye barabara za kasi yaweze kuvuka mto. Kwa hiyo duara halijawahi kuwa kamili. Hilo ni la kwanza kati ya mambo tunayoyaita hapa mishono: mahali ambapo vipande viwili vilivyobuniwa kwa shabaha tofauti viliunganishwa. Karibu kila kazi kubwa iliyofanywa tangu barabara ifunguliwe imefanyika kwenye mshono, au kwenye kipande kilichoelemewa kwa sababu ya mshono.

1944 hadi 1975: duara mbili zinakatwa nusu nusu

Wazo la barabara za duara kuizunguka London limo kwenye mpango wa Patrick Abercrombie wa 1944. Miaka ya 1960 likawa mpango wa duara nne, za ndani zikipita katikati ya makazi. Zile za ndani zingebomoa nyumba nyingi mno, na 1973 halmashauri ya jiji ikaziacha baada ya uchaguzi kubadilisha uongozi wake.

Kilichobaki nje ya jiji kilikuwa nusu ya duara ya tatu, upande wa kaskazini na mashariki, ambayo tayari ilikuwa imetengewa namba M16, pamoja na nusu ya duara ya nne, upande wa kusini na magharibi. Duara hizi zilikuwa na nusukipenyo tofauti. Hakuna aliyezichora zikutane. Mwaka 1975 serikali iliamua ziunganishwe, zipewe namba moja, na viunganishi vichorwe upya. Ukiitazama ramani ya leo, M25 iko karibu na jiji upande wa Enfield na mbali nalo upande wa Godstone. Watu hudhani ni milima. Milima imechangia kidogo tu. Sababu kubwa ni kwamba ulichonacho ni nusu ya duara moja na nusu ya nyingine.

Septemba 1975. South Mimms hadi Potters Bar

Kipande cha kwanza kinafunguliwa, leo ni kati ya makutano ya 23 na 24. Ni kifupi. Kazi yote ilikwenda hivi, kipande kwa kipande, kwa sababu kila sehemu ililazimika kupitia usikilizaji wake wa maoni ya wananchi. Usikilizaji huo ulifanyika mara 39.

Utaratibu huo uliwapa wenye ardhi nafasi ya kusema, na ni haki yao. Ila una gharama yake kwenye udongo. Mhandisi anayejenga barabara ndefu kwa mkupuo mmoja husawazisha hesabu: udongo unaotoka kwenye mkato wa mlima unapelekwa kujaza tuta la bonde linalofuata. Ukijenga vipande vilivyotengana kwa miaka, kifusi cha mkato huu hakiwezi kulisubiri tuta ambalo bado linabishaniwa. Kinatafutiwa pa kutupwa, na tuta likifika linatafutiwa udongo mwingine.

1976. Godstone hadi Reigate, na kipande cha Hunton Bridge

Upande wa kusini barabara inapita chini ya vilima vya North Downs, juu ya udongo wa mfinyanzi unaoitwa Gault. Ni udongo mgumu unapoukata, kiasi kwamba mteremko mpya unasimama vizuri na kila mtu anaridhika. Matatizo yake yanakuja baadaye sana. Yana ingizo lake kwenye mwaka 2000.

Mwaka huohuo, kaskazini-magharibi, kinafunguliwa kipande cha Maple Cross hadi Hunton Bridge, karibu na Watford. Wakati ule kilielekea Watford kwa sababu hapo ndipo barabara ilipokuwa ikiishia. Miaka kumi baadaye mstari mkuu ulipoendelezwa kuelekea South Mimms, ule mwisho wa zamani ukabaki kuwa tawi: ndiyo makutano ya 19 ya leo, ambayo hayana njia za kwenda kila upande. Dereva akikosea pale, atafute makutano ya 20.

1977 hadi 1980. Dartford, Swanley, M26

Dartford hadi Swanley inafunguliwa 1977. Mwaka 1980 handaki la pili chini ya Thames linaanza kutumika, la kwanza likiwa la 1963. Mwaka huohuo M26 inafunguliwa kutoka karibu na Sevenoaks kuelekea mashariki.

Hii M26 ndiyo chanzo cha mshono unaowashangaza madereva wengi zaidi. Duara ya nne ilipangwa iendelee moja kwa moja mashariki, na M26 ndiyo muendelezo wake halisi. Kiungo cha kwenda kaskazini hadi Swanley kilikuja baadaye, mwaka 1986. Kwa hiyo kwenye makutano ya 5, ukitoka magharibi na kubaki kwenye njia yako bila kugeuza usukani, utajikuta M26. Anayetaka kubaki M25 analazimika kutoka kama vile anaiacha barabara. Njia za M25 hupungua pale, na magari yanayohama njia dakika za mwisho ndiyo yanayoanzisha foleni. Alama zaidi hupunguza makosa, lakini umbo la makutano haliwezi kurekebishwa kwa alama.

1984. Handaki la Bell Common

Barabara inafika ukingoni mwa msitu wa Epping, ardhi inayolindwa kisheria. Suluhisho ni handaki la mita 470 chini ya Bell Common, lililojengwa kwa kuchimba na kufunika, na uwanja wa kriketi ukarudishwa juu yake.

Kuta ni za nguzo zinazoingiliana. Unachimba kwanza nguzo za namba witiri na kumimina zege, kisha unachimba zile za katikati huku mtambo ukimega pembezoni mwa zege la jirani kabla halijakauka kabisa. Muda ndio kila kitu hapa. Ukichelewa, mtambo unapambana na zege gumu na nguzo inakwenda upande. Ukiwahi, unalibomoa. Nguzo ikipinda kwa kina hata kidogo, chini kabisa mwingiliano unafunguka na maji yanapita. Kuta zikishika, paa la zege linakuwa ndilo kizuizi cha kuzitenganisha huku juu, udongo wa ndani unatolewa, na juu ya paa unarudishwa udongo na majani.

Handaki la Holmesdale, karibu na makutano ya 25, nalo ni la kufunikwa, urefu wake mita 670. Mahandaki haya mawili ndiyo yanayobana upanuzi wa kaskazini hadi leo, maana ukuta wa handaki hausogezwi.

29 Oktoba 1986. Kufungwa kwa duara

Waziri Mkuu Margaret Thatcher anafungua kipande cha mwisho, London Colney hadi South Mimms, palepale kilipoanzia cha kwanza miaka kumi na mmoja kabla. Hesabu ya jumla: pauni milioni 909, zaidi ya tani milioni 2 za zege, tani milioni 3.5 za lami, na mita za ujazo milioni 49 za udongo na kifusi vilivyoondolewa. Siku hiyo sehemu kubwa ina njia tatu kila upande pamoja na bega la dharura, ukanda wa pembeni wa kusimamishia gari lililoharibika.

Sehemu kadhaa, hasa Surrey, zilipewa uso wa zege. Uso huo unadumu kuliko lami, lakini una kelele, na maungio yake yanahitaji kuzibwa upya kila mara. Maji yakipenya kwenye ungio, tabaka la chini linalainika, bamba linaanza kucheza gari linapopita, na pembe yake inavunjika. Wakazi walioahidiwa barabara tulivu wana haki ya kulalamika kuhusu kelele ile.

1991 hadi 1994. Daraja, na magari yasiyohesabiwa

Daraja la Malkia Elizabeth II linafunguliwa Oktoba 1991. Limening'inizwa kwa nyaya, na uwazi wake mkuu ni mita 450. Kuanzia hapo magari ya kwenda kusini yanapita juu na ya kwenda kaskazini yanapita kwenye mahandaki mawili. Upepo ukizidi, daraja linafungwa na handaki la mashariki linageuzwa kubeba magari ya kusini. Handaki la magharibi linaruhusu kimo cha mita 4.8, la mashariki mita 5. Lori refu likiingia njia isiyolifaa, taa zinasimamisha kila kitu mpaka litolewe. Matangi ya mafuta na kemikali nayo hupitishwa kwa msafara, wengine wakisubiri. Sehemu hii yote ilibuniwa kwa magari 135,000 kwa siku, na kwa siku nyingi yanapita zaidi.

Kwingineko hali ni mbaya zaidi. Kufikia 1993, barabara iliyopangiwa magari 88,000 kwa siku ilikuwa inabeba hadi 200,000 kwenye sehemu zake zenye shughuli nyingi. Kosa halikuwa kwenye hesabu ya magari yaliyokuwepo. Watabiri walihesabu safari za kuipita London, wakaziacha safari fupi ambazo barabara yenyewe ingezizaa: mtu anahamia mji wa pembeni kwa sababu sasa anaweza kufika kazini, ghala linajengwa kwenye makutano kwa sababu yapo. Mwaka 1994 kamati ya serikali ya kutathmini barabara kuu ilikubali kwa maandishi kwamba barabara mpya huweza kuleta magari mapya. Mwaka uliofuata mpango wa kuifanya sehemu ya magharibi iwe na njia 14 ukaachwa.

1995. Kasi inayobadilika, upande wa magharibi

Hii ndiyo kazi tunayoiona kuwa ya maana kuliko zote kwenye shajara hii, kwa sababu haikuongeza hata mita moja ya lami.

Njia moja ya barabara ya kasi ikikaribia magari 2,000 kwa saa, inaanza kuyumba. Dereva mmoja anagusa breki kidogo, wa nyuma anagusa zaidi, wa kumi anasimama kabisa. Wimbi hilo la kusimama linarudi nyuma kilomita kadhaa hata baada ya aliyeanzisha kwenda zake. Wakati magari yamesimama, njia inapitisha machache kuliko ilivyokuwa ikipitisha kabla ya mtiririko kuvunjika, na kurudi kwenye hali ya kawaida huchukua muda mrefu kuliko kuharibika.

Dawa ni kuwapunguzia watu kasi kabla hawajasimama. Vitanzi vya waya vinachimbiwa ndani ya lami kila baada ya mita 500 hivi, kwenye kila njia. Gari likipita juu, chuma chake kinabadilisha sumaku ya kitanzi, na kompyuta ya kando ya barabara inahesabu magari, kasi na muda ambao kitanzi kimefunikwa. Mtiririko ukifika magari 1,650 kwa njia kwa saa, alama za juu zinaonyesha maili 60 kwa saa, kama kilomita 97. Ukifika 2,050, zinashuka hadi maili 50, yaani kilomita 80. Kasi za njia zote zinakaribiana, hivyo hamu ya kuhama njia inapungua, na breki za ghafla zinapungua pamoja nayo.

Mambo matatu huuharibu mfumo huu. La kwanza ni kitanzi kilichokatwa wakati wa kuweka lami mpya: wafanyakazi wanakwangua sentimita chache kupita kiasi, na njia moja inakuwa kipofu. La pili ni alama inayoachwa ikiwaka baada ya sababu kuondoka. Madereva wakiona maili 50 kwenye barabara tupu mara mbili tatu, siku ya tatu hawaitii. La tatu ni kukosa kamera. Kikomo kisichosimamiwa kinafuatwa na wachache tu, na wachache hao wanageuka kuwa vizuizi badala ya kuwa mfano.

Msimu wa baridi wa 2000. Mteremko wa Godstone

Baada ya mvua nyingi, mteremko wa mkato wa Gault karibu na Godstone unateleza. Umesimama tangu miaka ya 1970. Kwa nini uanguke sasa?

Ukiondoa udongo kwenye mkato, mfinyanzi uliobaki unapunguziwa mzigo na unataka kuvimba. Hauwezi kuvimba mara moja, kwa sababu maji yanapita ndani yake polepole mno. Kwa miaka kadhaa ndani yake kuna mvuto unaoushikilia, na mvuto huo ndio unaokudanganya kwamba mteremko ni imara. Maji yanaingia kidogo kidogo, mvuto unakwisha, nguvu inashuka. Juu ya hayo, chini ya vilima vile kuna nyufa laini za kale zilizoachwa na udongo uliotiririka wakati wa baridi kali ya zama za barafu. Ni nyembamba, na shimo la uchunguzi linaweza kuzipita bila mtu kuziona.

Dalili huanza juu, ufa unaofuata mstari wa ukingo, na huishia chini, udongo ukivimba kuelekea mfereji. Ukaguzi wa kutembea kwa miguu unagundua zaidi kuliko wa kupita kwa gari, na ufanyike mwishoni mwa msimu wa mvua kabla majani hayajarefuka. Ukarabati ulio salama unafuata mpangilio huu: kwanza toa maji, kwa mitaro inayoshuka na mteremko iliyojazwa kokoto. Kisha shikilia, kwa nguzo zilizopandwa kwa nafasi au vyuma virefu vilivyozamishwa na kugandishwa kwa saruji. Udongo ulioharibika unatolewa kwa vipande vifupi na kila kipande kinajazwa kokoto kabla ya kugusa kinachofuata. Anayechimba mguu wote wa mteremko kwa siku moja anauangusha kwa mikono yake.

2005 hadi 2012. Upanuzi

Mwaka 2005 sehemu ya kati ya makutano ya 12 na 14 inafikia njia 10 kwa jumla, na ya 14 hadi 15 njia 12, pamoja na tawi la jengo la tano la uwanja wa ndege wa Heathrow. Mwaka 2009 unasainiwa mkataba wa miaka 30, unaojumuisha kubuni, kujenga, kugharamia na kutunza, wenye thamani ya takriban pauni bilioni 6.2. Chini yake, makutano ya 16 hadi 23 na 27 hadi 30 yanapata njia nne kila upande kabla ya Olimpiki ya 2012.

Kanuni ya kazi ni kutotoka nje ya uzio uliopo. Njia ya nne inajengwa pale bega lilipokuwa, na bega jipya linasogea kwenye mteremko. Karatasi za chuma zinashindiliwa kuushika udongo, mfereji unahamishwa, mabomba na nyaya zinahamishwa, ndipo matabaka ya barabara yanawekwa. Bega la zamani halikujengwa kubeba malori kutwa, kwa hiyo halipakwi lami tu na kuitwa njia. Linachimbwa. Wakati wote huo magari yanaendelea kupita kwenye njia zilizofinywa, kwa maili 50 kwa saa.

Kinachochelewesha kazi mara nyingi ni kebo ambayo mchoro unasema iko mita mbili kutoka hapo. Chimba kwa mkono kabla ya kushindilia chuma.

2014. Njia zote, bila bega

Makutano ya 5 hadi 7 na 23 hadi 27 yanapanuliwa kwa kuligeuza bega kuwa njia ya kudumu. Mahandaki yanabana, ardhi ya kupanulia haipo, na gharama ya kulitumia bega ni ndogo. Mwenye gari bovu anatakiwa afike kwenye egesho la dharura. Asipofika, anabaki kwenye njia ya kupita magari, akisubiri alama ya X nyekundu, ya kuifunga njia hiyo, iwashwe nyuma yake. Vitanzi vinaona foleni, haviwezi kuona vizuri gari moja lililosimama kwenye barabara isiyo na magari mengi usiku. Rada za kuliona zilikuja baadaye, na maegesho zaidi yakaongezwa baadaye pia. Mpangilio huo haukubaliki: vifaa vya usalama vilipaswa kuwaka siku njia ilipofunguliwa. Aprili 2023 serikali ilisitisha barabara mpya za aina hii.

Novemba 2014 vibanda vya malipo vya Dartford vinaondolewa. Kamera zinasoma namba za gari, na malipo yanafanywa kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata.

15 hadi 18 Machi 2024. Makutano ya 10

M25 inafungwa kabisa pande zote mbili kati ya makutano ya 10 na 11, kiasi cha kilomita 8, kuanzia saa tatu usiku Ijumaa hadi saa kumi na mbili asubuhi Jumatatu: saa 57. Ni mara ya kwanza tangu 1986 kufungwa mchana kwa mpango. Mradi wa makutano haya na barabara ya A3, karibu na Wisley, una gharama ya pauni milioni 317. Kazi ya wikendi ilikuwa kubomoa daraja la zamani la wapita njia na kusimamisha fremu kubwa ya alama.

Kubomoa daraja juu ya barabara huanza kwa kuitandikia barabara godoro nene la mchanga au udongo, zege lianguke bila kuiumiza lami. Mashine zinamega kutoka katikati kwenda kwenye nguzo, kifusi kinazolewa, godoro linaondolewa, barabara inafagiwa na kukaguliwa. Ratiba huwekewa akiba ya saa, maana kreni haifanyi kazi upepo ukizidi. Safari hii akiba haikuhitajika, na barabara ilifunguliwa Jumapili usiku.

25 Machi 2025. Kivuko kipya cha Thames

Kibali cha kivuko cha Lower Thames kinatolewa: kilomita 23 za barabara, zikiwemo kilomita 4.2 za mahandaki pacha, mashariki mwa Dartford. Kaskazini barabara hiyo itaungana na M25 karibu na makutano ya 29. Magari yatakayoacha Dartford yatahamia hapo, kwenye kipande kilichopanuliwa 2012 na ambacho hakikupangwa kupokea magari ya kivuko cha pili. Kinachofuata kwenye shajara ni hesabu za vitanzi vya makutano ya 28 hadi 30, zichukuliwe sasa, kabla ya mtambo wa kwanza kuingia ardhini, ili pawe na kipimo cha kulinganisha.